Fuata Ndoa, Usifuate Jina: Nasaba za Wakanada wa Asili ya Kifaransa



Nimeombwa nizungumzie namna watu wanavyofuatilia nasaba zao kwa njia ya maandishi, nami nimechagua kuwapeleka Québec, jimbo la Kanada ambalo wenyeji wake wengi husema Kifaransa. Wafalme na masultani wana nasaba kila mahali. Makarani waliajiriwa kuziandika. Québec ni kisa kingine. Huko wakulima, maseremala na askari wa vyeo vya chini, watu ambao wengi wao hawakujua hata kusoma, wameacha alama zilizo wazi kiasi kwamba kitukuu wa leo anaweza kupanda kizazi baada ya kizazi hadi miaka ya 1600, akiwataja babu na bibi kwa majina pamoja na parokia walimofungia ndoa.

Hoja yangu ni moja. Anayeanza kutafuta asili yake hushika jina la ukoo, yaani jina la baba, akaamini kwamba litamfikisha. Kwa Wakanada wa asili ya Kifaransa, jina la baba ndilo linaloponyoka mapema. Kinachomshikilia mtafiti asipotee ni kumbukumbu ya ndoa, na ndani ya kumbukumbu hiyo, jina la mama.

Daftari la padri

Mji wa Québec ulianzishwa na Samuel de Champlain mwaka 1608. Trois-Rivières ukafuata mwaka 1634, na Montréal mwaka 1642. Waliovuka bahari kutoka Ufaransa na kuacha kizazi huko hawakuwa wengi. Hadi Waingereza walipoiteka koloni mwaka 1760 walikuwa takriban elfu kumi tu. Sensa iliyosimamiwa na Jean Talon, ofisa wa mfalme, mwaka 1666 ilihesabu Wafaransa 3,215. Mamilioni ya watu wa leo, Kanada na Marekani, wametokana na kundi hilo dogo.

Walowezi hao walikuja na sheria za kwao. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliwaagiza mapadri wa Ufaransa waandike ubatizo, na amri ya Blois ya mwaka 1579 ikaongeza ndoa na maziko. Mwaka 1667 Mfalme Louis wa 14 akataka kila daftari liwe na nakala mbili, moja ibaki parokiani na nyingine iende mahakamani. Kwa hiyo padri wa kijiji alikuwa pia msajili wa serikali. Waingereza walipoingia hawakuuvunja mpango huo, kwani Sheria ya Québec ya mwaka 1774 iliwaachia wenyeji dini yao na sheria zao za kiraia. Padri aliendelea kuwa msajili hadi mwisho wa mwaka 1993, serikali ilipoichukua kazi hiyo yote mikononi mwake.

Faida ya nakala mbili inajulikana vizuri na kila aliyeona jengo la kumbukumbu likiteketea. Mwaka 1640, kabla ya amri ile, moto uliunguza kanisa la Québec pamoja na madaftari yake. Mapadri walilazimika kuyaandika upya kwa kuwauliza watu wanakumbuka nini. Baada ya nakala mbili kuwa desturi, parokia ikiungua, nakala ya mahakamani hubaki.

Hebu tuifungue kumbukumbu moja ya ndoa tuone ina nini. Padri anaanza kwa tarehe, kisha anasema matangazo ya ndoa yamesomwa Jumapili ngapi na hakuna aliyeleta pingamizi. Anamtaja bwana harusi: jina lake, jina la baba yake, jina la mama yake kwa ukoo wa kuzaliwa, na parokia yao. Anamtaja bibi harusi kwa mpangilio uleule: jina lake, baba yake, mama yake kwa ukoo wa kuzaliwa, na parokia. Akiwa mjane, huandikwa mume aliyefariki. Wanafuata mashahidi, mara nyingi pamoja na undugu wao na maarusi. Mwisho ni sahihi za wanaojua kuandika, na maelezo kwamba wengine wamesema hawajui.

Kila kumbukumbu ya namna hiyo ina watu sita wa familia. Mtafiti akishaipata, anazo ndoa mbili za kutafuta, ya wazazi wa bwana na ya wazazi wa bibi. Kila mojawapo ikipatikana inazaa nyingine mbili. Ndiyo maana watafiti wa Québec hupanda kwa ndoa. Ubatizo na maziko huja baadaye, kujaza tarehe na kuondoa shaka.

Padri alipokuwa na lake la kueleza, alieleza. Kanisa lilikataza ndoa ya ndugu wa damu hadi daraja la nne, na wenye udugu wa ndani ya mpaka huo walihitaji ruhusa ya askofu. Ruhusa hiyo iliandikwa daftarini pamoja na daraja lake. Ukisoma kwamba maarusi wamepewa ruhusa ya daraja la tatu kwa la tatu, umeambiwa kwamba wote wawili wanakutana kwa baba na mama wa babu au bibi zao. Mtafiti aliyekwama kwenye tawi moja huweza kuokolewa na sentensi hiyo.

Mke na jina lake

Katika madaftari hayo mwanamke hakupoteza jina lake alipoolewa. Alibatizwa kwa ukoo wa baba yake, akaolewa kwa jina hilo, akaweka sahihi au alama kwa jina hilo mbele ya notari, yaani mwandishi wa hati za kisheria, akazikwa kwa jina hilo, na pembeni ikaongezwa kwamba ni mke au mjane wa fulani. Mitaani mambo yalikuwa tofauti. Jirani angemwita Bi fulani kwa jina la mumewe, na katika karne ya 20 ilionekana ni heshima kumwita hata kwa jina la kwanza la mume. Daftari lenyewe halikuifuata adabu hiyo ya barazani.

Notari naye alilinda jina la mke. Koloni ilitumia sheria ya desturi ya Paris, ambayo mali iliyochumwa ndani ya ndoa iliifanya ya wote wawili. Familia nyingi zilikwenda kwa notari kabla ya kwenda kanisani, zikaandika mkataba wa ndoa: mke analeta nini, mume anaahidi nini, mjane atabaki na nini. Mwanamke anayedai ng'ombe na vyombo vyake hawezi kuandikwa kama kivuli cha mumewe. Pale ambapo daftari la parokia limepotea, mkataba wa notari huziba pengo.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa Louis Hébert, mwuza dawa wa Paris aliyefika Québec mwaka 1617 pamoja na mkewe Marie Rollet na watoto wao. Huhesabiwa kuwa familia ya kwanza ya Kifaransa kutia mizizi katika ardhi hiyo. Leo kina Hébert ni wengi Kanada, na wengi wangependa babu yao awe huyo. Sivyo. Kizazi chake cha kiume kilikatika kwa mjukuu wake. Lakini binti yake Guillemette aliolewa na Guillaume Couillard mwaka 1621, wakapata watoto kumi, na kupitia kwake Louis Hébert ni babu wa umati mkubwa wa watu wasio na jina lake. Anayemtafuta kwa jina hampati. Anayefuata ndoa za mabinti humkuta.

Upande wa pili wapo kina Tremblay, jina linaloongoza kwa wingi Québec. Wote wanatokana na mume na mke mmoja, Pierre Tremblay wa Perche, Ufaransa, na Ozanne Achon, waliooana Québec mwaka 1657. Jina lisilomkosa mtu halimtambulishi mtu. Huko Charlevoix na Saguenay, mikoa ya Québec, unaweza kumkuta Joseph Tremblay aliyeoa Marie Tremblay, na majirani zao wakawa hivyohivyo. Isitoshe, ilizoeleka, hasa katika karne ya 19, kila mvulana apewe jina la Joseph katika ubatizo na kila msichana jina la Marie, kisha yakafuata mengine. Jina alilotumia kila siku kwa kawaida ni la mwisho katika orodha. Tena mtoto akifariki, wazazi waliweza kumpa anayefuata jina lilelile. Katika msitu kama huo, kinachomtofautisha Joseph Tremblay mmoja na mwingine ni jina la mkewe na jina la mama yake.

Lakabu za askari na wakulima

Sasa tugeukie jina la baba. Mwaka 1665 Ufaransa ilipeleka kikosi cha Carignan-Salières, askari wapatao 1,200, kupigana na Wairoki, wenyeji wa asili. Vita vilipokwisha, takriban 400 walibaki wakapewa ardhi. Wengi wao walipata wake miongoni mwa wasichana wapatao 770 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme kati ya mwaka 1663 na 1673, ambao historia inawaita mabinti wa mfalme. Askari wa Kifaransa alikuwa na jina la jeshini. Huyu Sansoucy, asiye na wasiwasi. Yule Lafleur, ua. Mwingine Jolicoeur, mwenye moyo mwema. Mwingine Tranchemontagne, mkata milima. Wengine waliitwa kwa kwao: Langevin ni mtu wa Anjou, Picard wa Picardie, Saint-Onge wa Saintonge.

Lakabu hizo hazikubaki jeshini. Ziliandikwa daftarini baada ya jina la ukoo, zikiunganishwa na neno dit, yaani "aitwaye". Raia nao walikuwa nazo, ama kwa shamba walilomiliki, ama kwa jina la baba mkuu wa tawi, ama kwa umbo la mtu. Alexis Tremblay, mmoja wa viongozi wa watu waliokwenda kuifungua Saguenay kwa walowezi mwaka 1838, aliitwa Picoté, neno la mtu mwenye makovu ya ndui. Miongoni mwa kina Tremblay, lakabu ya namna hiyo ilifanya kazi ambayo jina la ukoo lilikuwa limeshindwa.

Tatizo lilianza kwa watoto. Pierre Hudon dit Beaulieu, mtu wa Anjou, alimwoa Marie Gobeil mwaka 1676. Katika kizazi chake wapo waliojiandika Hudon, wapo waliojiandika Beaulieu, na wapo waliobadilisha kutoka ubatizo hadi ndoa. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuzikwa kwa majina mawili tofauti. Katika karne ya 19 majina mawili yalianza kuachwa, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 kila familia ilikuwa imebaki na moja, wakati mwingine lile la pili. Kwa hiyo Beaulieu wa leo akitafuta Beaulieu wa mwaka 1700 huweza kukuta ukuta, na mlango wake umeandikwa Hudon. Atauona endapo atauliza Marie Gobeil aliolewa na nani.

Tahajia nayo iliongeza ugumu. Padri aliandika alivyosikia, na aliyekuwa akitajiwa hakuweza kumsahihisha. Ukoo wa Guyon, uliotoka kwa mwashi Jean Guyon wa Perche aliyefika mwaka 1634, katika matawi kadhaa uligeuka Dion. Mwimbaji Céline Dion ni wa uzao huo. Jirani yake, seremala Zacharie Cloutier, alifika mwaka uleule. Hesabu za wanademografia zinaonyesha kwamba kufikia mwaka 1800 hakuna mlowezi aliyemzidi kwa wingi wa kizazi. Cloutier hakujua kuandika. Kwenye hati za notari, mahali pa sahihi, alichora shoka. Notari aliandika jina alivyoona inafaa. Shoka ni la Cloutier mwenyewe, chombo cha kazi yake.

Majina yalipovuka mpaka

Kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Québec kwenda Marekani, wengi wakifuata viwanda vya nguo vya New England: Lowell, Manchester, Woonsocket. Huko makarani na wasimamizi wa viwanda walisema Kiingereza. Roy akawa King, Leblanc akawa White, Boisvert akawa Greenwood, Benoit akawa Benway. Wengine walitafsiri wenyewe ili wapate kazi, wengine walitafsiriwa. Mjukuu aitwaye King aliyezaliwa Massachusetts hawezi kujua kwa jina lake pekee kwamba anatoka kwa kina Roy. Lakini parokia za Kifaransa katika miji hiyo ziliendelea kuandika ndoa kwa mtindo wa Québec, wazazi wote wanne wakitajwa, na aghalabu hapo ndipo King anapomkuta nyanya yake akiwa na jina lake kamili.

Mwandishi Jack Kerouac alizaliwa Lowell mwaka 1922 kwa wazazi wa asili ya Québec. Mwaka 1965 alikwenda Paris na Bretagne kutafuta mizizi ya jina lake, akarudi mikono mitupu, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo, Satori in Paris. Alikwenda na jina tu. Watafiti waliolifumbua fumbo hilo baada ya kifo chake walianzia kwenye ndoa iliyofungwa Cap-Saint-Ignace mwaka 1732, kati ya Mbretoni mmoja na Louise Bernier. Ikaonekana kwamba bwana harusi alikuwa akitumia jina lisilo lake. Hatimaye ikabainika kwamba alikuwa Urbain-François Le Bihan de Kervoac, mtoto wa notari wa Huelgoat. Mwanamume alificha jina mbele ya padri. Upande wa Louise Bernier haukuwa na utata wowote.

Asiyeandikwa wazazi

Nisije nikawafanya muamini kwamba daftari lilimtendea kila mtu haki. Katika nyumba ya Guillaume Couillard na Guillemette Hébert, niliowataja, aliishi mtoto mweusi ambaye inasemekana alitoka Madagascar, katika bahari yetu hii. Aliletwa na Waingereza walipoukalia mji wa Québec kwa muda mfupi kuanzia mwaka 1629, akauzwa, na walipoondoka akabaki kwa Couillard. Alibatizwa mwaka 1633 kwa jina Olivier, la karani mkuu wa koloni. Baadaye akaitwa Le Jeune, jina la padri Mjesuiti Paul Le Jeune aliyemfundisha kusoma. Alizikwa mwaka 1654 akiandikwa mtumishi. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa, wala la mama mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Mwanahistoria Marcel Trudel, aliyepekua madaftari na hati za notari, alihesabu watumwa wapatao 4,200 katika Québec hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1834, theluthi mbili wakiwa watu wa mataifa ya asili ya Amerika. Wengi wameandikwa kwa jina moja na jina la bwana wao. Kanuni yangu ya kufuata ndoa na mama inamfikia mtu pale tu sheria ilipomtambua kuwa ana wazazi. Ukimya juu ya mama wa Olivier ulikuwa uamuzi wa watu, haukutokana na moto wala panya.

Waliokusanya, na faida yake leo

Kazi ya kuyapanga madaftari haya imewachukua watu maisha yao. Padri Cyprien Tanguay alitoa kamusi ya nasaba ya mabuku saba kati ya mwaka 1871 na 1890. Taasisi ya familia ya Drouin ilipiga picha madaftari ya jimbo katika miaka ya 1940. Padri Archange Godbout alianzisha chama cha nasaba Montréal mwaka 1943. Mwaka 1966 Hubert Charbonneau na Jacques Légaré wa Chuo Kikuu cha Montréal walianza kuijenga upya kwa kompyuta jamii nzima ya zamani, familia moja moja, na mwaka 1972 Gérard Bouchard akaanzisha huko Saguenay hazina ya nasaba iitwayo BALSAC.

Madaktari nao wamefaidika. Huko Charlevoix na Saguenay yapo magonjwa ya kurithi yanayoonekana kwa wingi kuliko kwingine, ukiwemo mmoja unaobeba jina la mikoa hiyo miwili na unaoharibu mwendo wa mtu tangu utotoni. Hazina za nasaba zilisaidia kueleza jinsi waasisi wachache walivyoeneza vinasaba vya magonjwa hayo bila kujua. Kazi hiyo isingewezekana kwa majina ya baba peke yake, kwa sababu mengi ya magonjwa haya humshika mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama.

Tangu tarehe 2 Aprili 1981 sheria ya Québec inasema kila mwanandoa hubaki na jina lake na hutumia haki zake za kiraia kwa jina hilo. Mtoto anaweza kupewa jina la ukoo la baba, la mama, au yote mawili yakiunganishwa. Wengi waliiona ni sheria ya kisasa kabisa. Aliyezoea madaftari ya parokia ataona kwamba desturi ya padri wa miaka ya 1600 imerudi, safari hii kwa hoja ya usawa.

Sheria hiyo inawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. Montréal leo ina familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mrundi au Mnyarwanda, kwa mila, ana jina lake mwenyewe, lisilo la baba yake wala la kaka yake. Karani wa Montréal anaweza kuwaona ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wakiwa na majina matatu, akashangaa. Mwenzake wa zamani, padri wa parokia ya Rivière-Ouelle aliyekuwa akiwaandika kina Hudon na kina Beaulieu, asingeshangaa hata kidogo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi mnaokwenda kukusanya nasaba, iwe katika nyaraka za misheni, za mahakama za kadhi au kwa wazee. Mkiandika mtu, andikeni mkewe au mumewe kwa jina la kuzaliwa, na mama yake kwa jina la kuzaliwa, hata kama mzee anayewasimulia ameishia kwa baba. Mwulizeni tena, na akisema mama hajulikani, andikeni kwamba mliuliza. Nasaba ya wanaume watupu husomeka vizuri ukutani, lakini likibadilika jina moja tu, anayekuja nyuma yenu hana pa kushika.